Shamba Lenye Mapengo

Mama mkwe wangu, majirani walimwita Injini. Hakuwa mtu wa kelele, wala hakuwa na haraka. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amezimika. Alfajiri yuko kwa ng'ombe, jua likipanda yuko shambani, mchana yuko jikoni, na katikati ya hayo yote yuko kwa mgonjwa wake. Mimi nilipoolewa katika nyumba ile, fundi cherehani niliyezoea kufanya kazi nimekaa kitini, nilidhani watu wanatia chumvi. Nikaanza kumvizia nione anapumzika saa ngapi. Wiki mbili zikapita, nikashindwa. Hata akikaa, mikono yake ilikuwa kazini.

Aliingia nyumba ile akiwa na miaka kumi na tisa, akamkuta mama mkwe wake amelala hawezi miguu. Akamuuguza miaka minne mpaka akamzika. Akazaa watoto sita, akazika mmoja, akawalea watano kwa jembe na maziwa ya ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Mume wangu, dereva wa lori, ndiye kitinda mimba. Mwaka ambao huyo wa mwisho alipata leseni na kuanza kujitegemea, mama alimwambia mumewe kwamba sasa watapumzika. Mwezi haukuisha, mzee akaanguka katikati ya matuta akiwa na jembe mkononi. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, kikamchukua na maneno yake yote isipokuwa moja.

Neno lenyewe lilikuwa "bado." Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Ukimsalimia hujambo, bado. Mimi nilikuwa nacheka kwa siri, Mungu anisamehe. Mama hakuona cha kuchekesha. Alizijua bado zote za mumewe: kulikuwa na bado ya kiu, bado ya kutaka kugeuzwa, na bado fupi kavu ya kumfukuza mgeni asiyejua kuaga. Nilidhani anajitungia, mpaka siku moja mzee aliponitolea mimi hiyo ya mgeni, nikaielewa bila mkalimani.

Ninapoingia katika hadithi hii, mzee alikuwa amelala miaka saba. Miaka saba kitandani, na mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja. Daktari wa zahanati alikuwa akiwaleta vijana waliotoka chuoni waje wauone, kama watu wanaopelekwa kuona daraja jipya. Walimuuliza mama anamgeuza kila baada ya saa ngapi. Mama hakuwa na saa. Alimgeuza baada ya kukamua, baada ya kufungulia kuku, baada ya kutua maji, baada ya kila matuta manne ya palizi, na hivyo hivyo siku nzima, anatoka shambani na udongo miguuni, ananawa, anamgeuza, anarudi. Nilijaribu kuhesabu ni mara ngapi kwa miaka saba, nikaachia njiani.

Kitanda alikisogeza dirishani, na dirisha lilitazama shamba. Kila asubuhi baada ya chai alimwekea mzee mto kiunoni, akampakatisha ungo, akamwagia humo viganja viwili vya maharagwe. Mzee aliyachagua kwa mkono wa kushoto, punje moja moja. Nzuri alizitia kwenye ndoo ya bluu iliyokaa kando ya kitanda, mbaya alizitupa kwenye mkeka wapewe kuku. Aliweza kuishika punje moja akaizungusha mbele ya jicho kama sonara. Mimi nikipita pale na mkoba wangu wa nyuzi kwenda kibandani kwangu barabarani, nilimwona kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea. Ndivyo nilivyowaza, na naona haya kuyaandika.

Kisha macho ya mama yakaharibika. Daktari wa macho katika hospitali kubwa alisema mtoto wa jicho ameshaiva, jicho la kulia lipasuliwe kwanza, na mama akae huko siku tano. Mama alikataa. Alikuwa amekataa miaka miwili. Wanawe wakaja wakamzunguka sebuleni, huyu anabembeleza, yule anagomba, na mama anapepeta mtama kama hawapo. Mimi mdomo wangu haukupata breki tangu utoto.

"Mama, nenda tu," nikasema. "Baba nitamtunza mimi. Utarudi umkute amenenepa."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeolewa miezi mitano. Mama akaweka ungo chini, akanitazama kwa lile jicho lenye ukungu, muda mrefu.

"Sawa, fundi," akasema. "Nimekusikia."

Maelekezo yalichukua mchana mzima. Alinionyesha namna ya kumshika mzee begani na nyongani ili ngozi isivutike, uji uwe mzito kiasi gani asipaliwe, ng'ombe anapenda kuguswa wapi. Alinikumbusha kwamba Jumatano ni zamu ya shamba letu, kina mama wa kikundi watakuja kutifua kabla ya mvua, niwapikie chakula cha maana, wasije wakasema Injini akiondoka nyumba inalala njaa. Kuhusu ndoo ya bluu hakusema neno. Kwake ingekuwa kama kunikanya nisichome nyumba. Jumatatu mume wangu akampakia kwenye lori, wakaondoka.

Siku mbili za kwanza nilijiona mwanamke wa shoka. Mgongo ulinikatika, lakini mzee aligeuzwa, ng'ombe alikamuliwa, uji ulinyweka. Jumatano kina mama kumi na wanne wakaingia shambani na majembe yao. Nikaenda stoo, nikafungua gunia la maharagwe ya chakula. Mawe, vumbi, na wadudu wametoboa nusu yake. Kuyasafisha ningemaliza keshokutwa. Nikarudi chumbani, nikaitazama ndoo ya bluu imejaa mpaka ukingoni, punje zote sawasawa, safi, zinang'aa. Nyumbani kwetu maharagwe huchaguliwa ili yapikwe. Nikasema moyoni, huyu mama kwa kweli ana akili, kumbe alishaandaa mapema.

Nikasubiri mzee asinzie, nisimsumbue, nikaibeba. Nikayapika yote.

Kina mama walikula wakasifu. Mmoja wao, wanamwita jirani wa bondeni, alifuta sahani kwa kidole akasema maharagwe kama yale hajawahi kuyala tangu azaliwe. Alikuwa sahihi kabisa, ila hakujua kwa nini, na mimi sikujua. Nikavimba kichwa. Nikampakulia mzee sahani yake, nikampelekea huku natabasamu.

Akaitazama sahani. Akachukua punje moja kwa vidole viwili, akaifuta mchuzi kwenye shati lake, akaisogeza karibu na jicho. Kisha akatazama pale ndoo ilipokuwa ikikaa. Kisha akatazama dirishani. Nje, ndoo ya bluu ilikuwa juu ya kigingi, imeoshwa, inakauka, na nyuma yake kina mama wanapiga majembe.

Sikuelewa. Nilimwona anaanza kutoa punje kwenye mchuzi, moja moja, anazipanga juu ya shuka. Hii nzuri, hii nzuri, hii nzuri. Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamwondolea sahani taratibu, nikabadilisha shuka. Jioni nilipomletea uji, alifunga mdomo.

Alhamisi alifunga mdomo kutwa. Sikumsikia akisema bado hata moja. Nikampigia mume wangu simu, nikamweleza kila kitu mpaka nilichopika.

"Maharagwe gani?" akauliza.

"Ya kwenye ndoo ya bluu."

Nilisikia lori linanguruma peke yake.

"Ile ni mbegu," akasema. "Anachagua tangu tulipovuna. Mama akirudi ndipo angezitia majivu wazihifadhi hizo siku chache, wapande. Mke wangu, umewapikia watu shamba."

Nilikaa chini kwenye sakafu. Tukakubaliana mama asiambiwe kwa simu, ana jicho bichi. Kwa hiyo mama alipopiga kuulizia mgonjwa wake, nikamwambia hajambo, anakula. Akaniuliza, "Anasema bado?" Nikasema anasema. Uongo huo uliniuma kuliko maharagwe yenyewe.

Ijumaa daktari wa zahanati alikuja, akamvuta mzee ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akanitoa nje.

"Mwili huu hauna akiba," akaniambia. "Asipokunywa mpaka kesho jioni itabidi tumpeleke akatundikiwe dripu. Na sikufichi, kwa hali yake, safari yenyewe inaweza kumwondoa."

Basi yule mama aliyemgeuza mumewe miaka saba bila kidonda, mimi nilikuwa namuua kwa siku tano, tena kwa chakula kitamu. Nilimpigia magoti mzee, nikamsihi, nikamlowesha midomo kwa kitambaa. Hakunikasirikia. Alikuwa ametazama dirishani tu.

Jumamosi mchana mama akashuka kwenye lori, jicho limefunikwa pamba na plasta. Hakuuliza habari za safari wala za nyumba. Aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa kushoto wa mumewe, akaugeuza kiganja juu kama anayesoma kitu. Kisha akatazama pale ilipokuwa ndoo.

"Nilizipika, mama," nikasema. "Zote. Nilidhani ni za chakula. Na kwenye simu nilikudanganya."

Nilijiandaa kwa lolote. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu, ukweli ndio huo. Mama akaniuliza:

"Yaliiva vizuri?"

"Yaliiva."

"Basi hayaoti tena." Akafungua kanga kiunoni, akaifunga upya. "Kachukue ndoo. Msimu uliopita niliwagawia mbegu watu wa nyumba sita. Watakuwa wamehifadhi kidogo. Ukifika usiseme umetumwa na mimi. Sema ulichofanya, kisha uombe."

Nyumba sita. Mtu mwenye mdomo kama wangu hajui uzito wa maneno mpaka ayabebe kutoka mlango hadi mlango. Nyumba ya kwanza walinicheka mpaka wakashika mbavu, wakanipa kiganja kimoja. Ya pili walisema wao walikula na wakaongeza, kwa hiyo wana hatia pia, wakanipa viwili. Kila mmoja alikuwa amezichanganya mbegu za mzee na zake, nyekundu, za madoa, ndogo, kubwa. Nyumba ya sita ilikuwa ya jirani wa bondeni, yule aliyefuta sahani. Yeye hakucheka. Alinivutia kigoda, akaingia ndani, akatoka na kopo.

"Kaa," akasema. "Mama yako mkwe hajakwambia habari ya msimu wa kwanza?"

"Hajaniambia."

"Hawezi kukwambia. Mzee alipoanguka, miezi ya mwanzo alikuwa anageukia ukuta. Hali chakula, hatazami mtu. Injini akamwekea ungo mapajani. Mkono wa kushoto ulikuwa hauna kazi maisha yake yote, unatetemeka. Alikuwa anatupa nzuri anaweka mbovu. Mbegu zimesinyaa, zimetobolewa, anatia kwenye ndoo. Sote tuliona."

"Halafu mama akazirudia kuzichambua."

"Hakuzirudia." Alinikazia macho. "Alizipanda vile vile. Mkulima aliyekuwa anasifiwa kuliko sisi wote, akapanda mbegu mbovu kwa mikono yake, mstari kwa mstari. Shamba likaota mapengo kama mdomo wa kizee. Tulimcheka, mwanangu. Mimi nilimcheka kisimani, mbele yake. Mwaka ule hakuvuna kitu. Alikuja kulima vibarua hapa kwangu ili wale, akimaliza tuta anakimbia kwenda kumgeuza mumewe, anarudi."

Akalifungua lile kopo.

"Nilimuuliza, kwa nini usingezichambua tena jikoni, nani angejua? Akaniambia, 'Akitazama dirishani anataka kuona shamba lake. Nikizichambua mimi, atakuwa anaona langu.'" Akanimiminia kopo lote ndooni. "Msimu wa pili mapengo yalipungua. Wa tatu yakaisha. Yale mapengo aliyaona mwenyewe kila siku, akarekebisha mkono. Sasa hivi hakuna anayechagua mbegu kama yeye, ndiyo maana tunagombania."

Nilirudi na ndoo kichwani, machozi yananitiririka, wala sikuyafuta. Mimi nimeshona magauni ya harusi, watu wamenisifu, nikajiona najua kazi ya mikono. Nilikuwa sijui hata kazi ni nini. Mwanamke alipanda njaa yake mwenyewe akijua, akachekwa, akanyamaza, ili mtu aliyegeukia ukuta apate sababu ya kugeukia dirisha. Hakuna daktari aliyemwandikia hilo. Sijapata kuona wala kusikia jambo kubwa kama lile, na lilifanyika katika chumba cha bati chenye kitanda kimoja.

Nilipofika, jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mama alikuwa ameshamgeuza mzee, amemkalisha, mto kiunoni. Akampakatisha ungo. Akanifanyia ishara nimwage mimi. Nikamwaga viganja viwili, nyingine nikazihamishia kikapuni, ndoo tupu nikaiweka kando ya kitanda. Mzee hakusogeza mkono.

Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba," nikasema, "mbegu zako nilizipika mimi. Nilidhani unacheza. Nisamehe. Hizi nimeziomba kwa watu, zimechanganyika, nzuri na mbovu. Mimi siwezi kuzitenganisha."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kisha ule mkono ukainuka. Ukatembea juu ya ungo, ukapita nyekundu, ukapita za madoa, ukaokota punje moja. Akaizungusha mbele ya jicho. Aliijua. Ilikuwa mojawapo ya zake za msimu uliopita, imerudi nyumbani. Akaiangusha ndooni, ikalia kwenye plastiki tupu.

"Bado," akasema, sauti imekauka.

Nikamgeukia mama anitafsirie.

"Hiyo ni ya kiu," mama akasema. "Lete uji."

Alikunywa kikombe kizima, huku mkono unaokota.

Mvua zilikuja siku tisa baadaye. Mzee alikuwa amechagua za kutosha nusu ya shamba. Mama alipanda nusu hiyo, na nusu nyingine akatia viazi. Nilimwambia kwa majirani bado zipo za kuomba. Akaniambia mbegu ni zile zilizopita mkononi, basi. Nilipanda naye mistari yote, na kila baada ya matuta manne niliacha jembe nikaenda kumgeuza baba. Kibanda cha cherehani nilifungua saa za mchana tu.

Mzee aliishi miaka mitatu zaidi. Alikufa asubuhi, baada ya chai, ungo uko mapajani na punje moja ipo kati ya vidole. Mgongo wake tuliuosha ukiwa hauna kidonda. Mama aliichukua ile punje, akaifunga kwenye pindo la kanga, na msimu ulipofika akaipanda karibu na dirisha.

Miaka imekwenda. Jicho lile lililopasuliwa lilimpa mama miaka kadhaa, kisha yote mawili yakafunga. Mikono nayo ikaanza kutetemeka. Injini akazimika. Alikaa kwenye kile kile kitanda, mikono imelala mapajani kiganja juu, na siku moja nikaona amegeukia ukuta. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu wa nyuzi. Siku hiyo sikwenda kibandani. Nilimwekea mto kiunoni, nikampakatisha ungo, nikamwaga viganja viwili.

"Mama, mvua haziko mbali," nikamwambia. "Nisaidie."

Alichagua kwa kupapasa, wiki nyingi. Niliona anachotia ndooni. Mume wangu naye aliona, akaniambia jikoni kwa sauti ya chini, "Nusu ya hizo ni takataka. Zirudie, mama haoni." Nikamwambia aendeshe lori lake aniache. Mume wangu ni mtu mwema, lakini yeye alikuwa anafuga kiburi cha leseni mwaka ule wa mapengo, hakuwepo.

Nilizipanda zote kama zilivyotoka mkononi mwake. Majirani wamenicheka msimu mzima, na jirani wa bondeni pekee ndiye anayepita akitazama shamba langu bila kusema neno.

Juzi mama aliniomba nimpeleke nje. Nikamshika mkono mpaka mwanzo wa mstari. Akainama, akaanza kutembea kwa vidole, mche, mche, kisha pengo. Akapapasa udongo pale, akasogea. Mche. Pengo. Pengo. Alikwenda hivyo mstari mzima, mimi nyuma yake kama mwizi.

"Nani amepanda hapa?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Mbegu ya nani?"

"Yako."

Akanyoosha mgongo taratibu. Macho yake yasiyoona yalikuwa yameelekea dirishani.

"Nani alikwambia?"

"Jirani wa bondeni."

"Yule hana kifua," mama akasema. Akajifuta udongo kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Haya nirudishe ndani, fundi. Nipe ungo."